Angalia Wanaoshuka Kwenye Lori

Kuna siku moja nakumbuka kuliko siku zote za maisha yangu, na leo nakuandikia juu yake hata kama hutaki. Najua hutaki. Tangu Jumamosi nimeongea na wewe mara tatu, na mara tatu uliingiza zile waya zako masikioni ukasema, "Ndiyo, baba mudogo," kama mtu anayefukuza inzi. Sasa daftari haifungwi na waya. Nitaiweka juu ya ule mfuko mweusi uliouficha nyuma ya gunia la mahindi. Ndiyo, nimeuona. Mtu anayeshindwa kuficha mfuko kwenye nyumba ya vyumba viwili anataka kwenda kujificha kwenye kichaka!

Utacheka nikikuita mwanangu. Tunapishana miaka kumi tu. Lakini kwetu mtoto wa kaka yako ni mtoto wako, na tangu Safari, baba yako, aondoke, mkubwa wa hii nyumba ni mimi. Sikuomba huo ukubwa. Nina miaka ishirini na sita, sina hata unywele mmoja mweupe, na tayari naongea sawa na wazee. Wewe ndiye unanizeesha, Ombeni.

Siku ya Ijumaa nilikuwa Mbarara, pale Ruti, kwenye duka la Hajji ambako naandika magunia yanayopakiwa. Dereva mmoja wa lori akaniita mbele ya wapakiaji wote.

"Ssebo, bwana, yule kijana mrefu wa Rubondo si wako? Ameniomba nimpeleke Kisoro, kule mpakani, Alhamisi. Nikamuuliza, unaenda kufanya nini huko? Akasema anaenda kushinda vita."

Wapakiaji wakacheka mpaka mmoja akaangusha gunia. Mimi sikucheka. Hajji akanitazama akasema tu, "Bambi," maana yake maskini wewe, akarudi kwenye mizani yake.

Eti watu wetu wanashinda. Umenionyesha kwenye simu senta, ile miji midogo ya biashara, walizochukua, moja, mbili, tatu, na kidole chako kinagonga kioo kwa furaha. Unaniuliza kwa nini sielewi. Mwanangu, mimi naelewa sana. Mimi ndiye mwalimu wa kwanza wa hilo somo hapa kambini Rubondo, nimelifundisha kabla hujajua kufunga viatu. Kwa hiyo kaa, usome, usiruke mistari.

Ilikuwa mwezi wa nane, watu wamekwatua mashamba wanangoja mvua ya mwezi wa tisa. Nilikuwa na miaka yako hii hii, kumi na sita, senior two, mwaka wa pili wa sekondari. Katika mstari wetu wote wa nyumba mimi peke yangu nilisikia vizuri Kifaransa cha radio, na hiyo ilitosha kunifanya nijione mkubwa. Kila mchana vijana walikusanyika kwenye bomba la maji, mimi nachuchumaa, nachora vita kwenye udongo na kijiti. Hapa ziwa, hapa barabara, hapa milima yetu. Mawe yalikuwa watu wetu, maana yake vijana wa kwetu waliochukua bunduki, walisema ni kwa kutetea vijiji. Magunzi yalikuwa wale wengine. Siwataji majina. Kila mtu ana wale wengine wake. Radio ikisema senta fulani imeanguka, nasogeza jiwe, vijana wanapiga makofi. Wamama wenye jerikeni walikuwa wanazunguka vita yangu ili wafikie maji.

Mmoja hakuzunguka. Koko M'Bisimwa, bibi mzee wa mlima wetu, jirani yetu hapa, yule aliyekuwa anabeba jerikeni na kamba ya kwenye paji la uso kama wamama wa kwetu wote. Alipita katikati ya ramani.

"Koko, unakanyaga ziwa!"

"Nakanyaga upumbafu." Akasimama pale pale. "Weye mutoto, ni nani atashinda?"

"Ni batu betu, Koko. Bako na senta tatu, bako na barabara, bako na..."

"Banakula nini?"

Nikasogeza jiwe moja.

"Nauliza banakula nini. Haya mawe yako, nani anayapikia?"

Nikasema, na vijana wote wananisikia, "Koko, mambo ya vita si mambo ya chungu."

Wakacheka sana. Mimi pia. Koko hakukasirika haraka; alishusha kwanza jerikeni, akajifuta uso na kitenge.

"Ah bon. Si mambo ya chungu. Miye nimepikia makundi nne. Nne! Weye umepikia ngapi?"

Na pale pale kwenye bomba, jua kali, akatuambia. Kundi la kwanza lilifika kijijini na bunduki mpya, wanaimba, watu wengi wa kujaza barabara. Wakakaa. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hao walikaa miezi mitano na hakuna hata mmoja aliyegusa jembe. Walimaliza mbuzi, wakamaliza kuku, wakamaliza muhogo. Mwishoni waliingia jikoni wakakuta maharagi ya mbegu. Unajua yale, mwanangu, yale ambayo mama anachanganya na majivu ili wadudu wasiyaguse mpaka mvua. Wakayaosha majivu, wakayapika.

"Siku ile baliosha majivu," Koko akasema, "nilijua bameisha. Bunduki zilikuwa bado mingi. Lakini bameisha."

Kundi la pili lilikuja na nguo zimechanika, wachache, bunduki za kugawana. Mmoja wao akaiba kuku ya mjane. Mkubwa wao akamlazimisha kuirudisha na mikono yake mbele ya kanisa, watu wote wanaona. Wiki hiyo hiyo wamama wakaanza kuwaambia: msipite darajani, kuna watu. Mvua imebomoa njia ya chini, piteni juu. Hakuna aliyewalazimisha kusema. Mwaka haukuisha, milima yote ikawa yao.

"Halafu?" kijana mmoja akauliza.

"Halafu baliisha kushinda, bakanenepa, nabo bakaosha majivu. Na siye tukanyamaza. Kundi la tatu likabafukuza, na la ine likafukuza la tatu. Na kila kundi, yenye ilishinda na yenye ilishindwa, magunia yao nilibeba miye, na kamba hii hii."

Mimi sikutaka kushindwa na mama mzee mbele ya wenzangu. Nikamwuliza, "Na bunduki, Koko? Na inchi yenye inabasaidia nyuma? Hiyo si kitu?"

"Ni kitu. Bunduki inaingiza mutu mu muji. Haimulazi mule."

Akanishika mkono wa shati. "Kuja."

Siku hiyo lori la wakimbizi wapya lilikuwa limesimama karibu na kanisa, watu wanashuka na vitu vyao kungojea waonyeshwe viwanja. Koko akanisukuma mbele. "Uliza bametoka fasi gani." Nikauliza mzee mmoja. Akataja jina la senta. Mwanangu, ilikuwa senta ile ile ambayo asubuhi nilikuwa nimeweka jiwe juu yake, vijana wakapiga makofi.

Koko akaongea polepole, kama mtu anayefundisha mtoto kuhesabu. "Kama ni batu betu bako kule, na banashinda, hawa banakimbia nini?"

Jibu lilikuwa mbele yangu, limebeba magodoro. Lakini mimi nilikuwa nasoma senior two. Nikasema kwa sauti, wote wanasikia, "Banakimbia sababu ni baoga."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na sufuria bila kifuniko akanitazama. Koko akaachilia shati langu, akarudi kuchukua jerikeni yake. Hakunitukana. Angenitukana ningepona.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Uongo. Guu linavunjika la mwingine.

Nyumbani mama yangu alikuwa amesimamisha mafungu matano ya miti ya muhogo nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, anangoja mvua. Aliipata kwa Mrundi mmoja, aina isiyoshikwa na ugonjwa wa majani. Alifurahi nayo kama mtu aliyepata ng'ombe. Nikamwambia, "Mama, muhogo ni mwaka mzima. Noeli tuko nyumbani. Panda maharagi tu, tuvune tuende."

"Una hakika?"

"Mama, mimi ndiye ninasoma."

Ndivyo nilivyojibu. Nikikumbuka natamani kujipiga. Mama hakusoma, kwa hiyo aliniamini. Miti ikakauka. Mwezi wa kumi na moja tuliipikia kama kuni, na mwaka uliofuata, chakula cha msaada kilipopunguzwa, majirani wote walikuwa wanachimba muhogo na sisi tunaangalia. Koko M'Bisimwa alituletea kwenye kikapu, akaweka mlangoni, akaenda. Nilikula huo muhogo, mwanangu. Nakuambia haukuwa mtamu.

Lakini muhogo si sababu ya kukuandikia. Sasa nafika kwenye kitu ambacho miaka kumi sijakisema, na wewe umekuwa unaongea juu ya baba yako mbele yangu, eti shujaa, eti aliitwa na nchi, na mimi nanyamaza kama mtu mwenye ugali mdomoni.

Baba yako alikuwa anakuja kwenye bomba pia. Hakupiga makofi. Alisimama nyuma na jerikeni, anasikiliza. Safari hakuwa mtu wa bunduki. Alikuwa anashona viatu, wewe ulikuwa unakaa kwenye magoti yake unachezea nyuzi, labda unakumbuka. Baada ya siku ile ya lori aliniuliza, sisi wawili tu, tunapukuchua mahindi.

"Mudogo wangu, ni kweli wanamaliza kabla ya Noeli?"

"Ni kweli kabisa."

"Na shamba la baba?"

Nikamwambia, bila kuinua macho, "Yaya," ndivyo nilivyomwita kaka yangu mkubwa, "wenye watafika nyuma watakuta mashamba yamegawanywa. Wenye watakuwa pale siku ya kushinda ndio watapata."

Ni mimi niliyesema hivyo. Sikuisikia popote. Radio haikusema. Niliitunga pale pale kwa sababu ilikuwa inapendeza mdomoni. Siku nne baadaye akaondoka, akakuacha kwa mama yangu, akasema anaenda kutangulia ili wewe ukute shamba. Hakuna nchi iliyomwita, Ombeni. Alienda kwa sababu mdogo wake alimwambia atachelewa.

Soma tena huo mstari ukitaka. Halafu unichukie ukitaka. Lakini endelea kusoma.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, mchana, mama mmoja mwembamba aliyefika na lori jipya alikuja anauliza nyumba ya mama wa Safari. Tulimpa kiti. Akatuambia moja kwa moja, kama mtu anayetua mzigo. Baba yako alipita kijijini kwake na wenzake. Walikuwa na njaa, siku tatu hawajala, na mkubwa wao aliwaruhusu kula watakachokuta. Wakaingia jikoni kwake, wakachukua maharagi ya mbegu. Wenzake walikula wanacheka. Baba yako alimfuata nyuma ya nyumba akamwambia, "Mama, unisamehe. Mama yangu yuko Rubondo, Nakivale, naye angelia. Nitarudisha." Ndivyo yule mama alivyotujua.

Asubuhi waliuliza njia ya kupanda mlimani. Na kule juu wale wengine walikuwa wanawavizia tangu juzi, wamechimba mashimo; baba yako hakushuka tena.

"Kijiji kizima kilijua," yule mama akasema. "Hata batoto balijua. Hakuna mwenye alisema."

Mama yangu akamwuliza, "Na weye?"

"Na miye nilijua."

Nilidhani mama atampiga. Nilisimama nimzuie, au nimsaidie, sijui mpaka leo. Mama aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akampa na mikono miwili. "Kunywa," akasema. "Umetoka mbali." Wakakaa vile mpaka maji yakaisha. Baada ya miaka yule mama alipelekwa ng'ambo na watoto wake. Mpaka anaondoka alikuwa anasaidia mama kupalilia.

Mwalimu wetu wa historia, nilipomwuliza nini inafanya upande mmoja ushinde vita ya wenyewe kwa wenyewe, alisema ni silaha, ni jirani anayekupa silaha, ni madini ya kununulia nyingine. Sikatai. Hajji anasema yeye anaangalia chumvi inakubali kupita barabara ya nani, na mara nyingi anapatia. Sikatai pia. Andika hayo kwenye mtihani utapata maksi. Lakini hawa wote wanakuambia nani ataingia mjini. Nani atabaki, hiyo inaamuliwa na mama aliyesimama mlangoni akiulizwa njia. Akisema ukweli, unaishi. Akisema "sijui," umekufa, hata ukiwa na ndege. Watu wetu hawakupoteza ule mlima kwa sababu ya woga wala uchache. Waliupoteza jikoni, jioni iliyotangulia, wakiwa wameshiba. Na wale waliowashinda walidumu miaka miwili tu, nao wakafukuzwa. Leo hakuna hata mmoja wao anayetumia jina la kundi lile, na shamba la babu yako sijui linalimwa na nani.

Jana baada ya ibada, wakati wewe umelala, nilienda kwa wapya walioletwa wiki hii. Nilikaa nao mpaka saa tisa. Wanatoka kwenye senta mbili kati ya zile tatu ulizonionyesha kwenye simu. Mbili, Ombeni! Mzee mmoja ameacha maharagi shambani yakiwa yamebaki wiki mbili kuvunwa. Wewe umelima na mimi, unajua wiki mbili ni nini. Hakuna mkulima anayeacha maharagi yaliyogeuka manjano eti kwa sababu anaokolewa. Nilimwuliza, "Wale vijana wa kwetu, wakiwauliza njia mnawaonyesha?" Akageuza uso akaanza kuongea juu ya mvua.

Basi hilo ndilo neno langu, na nitalisema wazi ili usiseme baadaye nilizunguka. Ukitaka kujua nani anashinda, usisikilize anayeimba na usihesabu senta. Uko Nakivale, fasi ambayo dunia yote ingelipa kukaa ili ione: hapa vita inashuka kwenye lori, na sufuria mkononi, na mtoto mgongoni. Watu wanakimbia upande unaooza, hata kama upande huo bado unasonga mbele. Waangalie wanaoshuka. Waulize, kisha unyamaze wajibu, usiwaite waoga kama mimi. Na mtu akikuambia utachelewa, mkimbie huyo kwanza, maana hana shamba la kukupa. Anapenda tu kusikia sauti yake. Hata upande unaoshinda, mwanangu, hauhitaji kijana wa senior two. Unahitaji mtu wa kutangulia mlimani aone kama kuna mashimo.

Kuna methali wazee wanapenda, mtoto akililia wembe mpe. Aliyeitunga sijui kama aliwahi kuosha damu ya mtoto. Mimi sikupi. Nimemwambia dereva asikupakie, na nimewaambia madereva wote wa Ruti, na Hajji amewaambia kwa lugha mbaya zaidi. Najua kuna barabara nyingine na kuna miguu. Siwezi kukufunga kamba. Ila kabla ya Alhamisi njoo twende wote kwa yule mzee wa maharagi. Njoo hata ukiwa umenikasirikia, hata usinisalimie njiani. Juu ya baba yako utaniuliza chochote unachotaka, nitajibu, sitatunga uongo tena hata kidogo. Ukitaka kunipiga, mama yangu ameshasema hatatuamua.

Mungu akulinde na midomo kama yangu ya wakati ule. Akupe masikio, akupe miaka mingi ya kuchoka na kazi ya kawaida, mke wa kukugombeza, watoto wa kukusumbua kama unavyonisumbua. Na mvi, Ombeni. Baba yako hakupata hata moja. Mungu akupe zako na zake.